Ski za mjomba na buti za mjomba: dada wa Himbi aanze na nini Grenoble?

"Jambo. Niko Goma, Himbi. Nimekubaliwa kusoma masta Grenoble, na wenzetu walioko kule wamekwisha kunialika kwenda ski mwezi wa kwanza. Mjomba wangu wa Liège anasema atanipa ski zake za zamani za sentimeta 195 pamoja na buti zake namba 43 ili nisipoteze pesa. Mimi nina mita 1.68, kilo 62, navaa namba 40, na theluji sijaigusa. Naujua tu ule weupe wa asubuhi juu ya Karisimbi. Nichukue hizo ski? Nianze na ski ya kushuka mlima, ya kwenda tambarare, au ule ubao mmoja? Na kuna kitu cha kununua hapa Goma kabla sijaondoka?"

Aksanti kwa swali, dada, na hongera kwa nafasi ya masomo. Jibu fupi ni hili: mshukuru mjomba kwa heshima zote, lakini ski zake zibaki Liège, na buti zibaki nazo. Ukifika Grenoble, kodi vifaa, anza na ski ya kushuka kwenye mteremko wa kijani, na pesa ambayo ungenunulia vifaa ilipie mwalimu. Ski ya tambarare iwe ya pili, tena usiicheleweshe. Ubao mmoja, yaani snowboard, uache kwa mwaka huu. Jibu refu tulianzie kwenye buti, maana mtu anayeanza huuliza sana urefu wa ski na kusahau kwamba kinachoongoza ski ni muundi wake.

Buti ya ski ni ganda gumu la plastiki lenye kiatu laini ndani. Ukiegemeza muundi mbele, ganda linaisukuma ncha ya ski ikamate theluji. Ukielekeza goti ndani, makali ya chuma yaliyo ukingoni mwa ski yanauma. Amri zote hizo hupita kwenye buti, na hufika tu ikiwa mguu hauchezi humo ndani. Ndiyo maana vipimo vya buti za ski havifuati namba za viatu vya mjini, vinafuata sentimeta za unyayo. Namba 40 yako ni kama 25.5, namba 43 ya mjomba ni kama 27.5. Ndani ya hizo sentimeta mbili mguu unageuka kwanza, ski inafuata baadaye au haifuati kabisa. Vidole vinajikunja kutafuta pa kushika, unyayo unakakamaa, mwenyewe anakaza bizimu ili kufidia, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi, na kabla ya saa sita mchana ameshaamua kwamba ski ni mateso ya Wazungu. Kumbe kosa ni la buti.

Pima miguu ukiwa bado Goma. Bandika karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake jioni wakati miguu imevimba kidogo, kisigino kiguse ukuta, uzito wote uwe kwenye mguu huo, kisha weka alama mbele ya kidole kirefu. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, mara nyingi haifanani. Ukipata 25.3, utaomba 25.5. Angalia na upana: maganda hutengenezwa kwa upana wa milimita 98 kwa mguu mwembamba, 100 kwa wa wastani, 102 na kuendelea kwa mpana. Mguu uliokulia kwenye ndala huwa mpana mbele, kwa hiyo usione haya kuomba 102.

Dukani, mwombe fundi atoe kile kiatu cha ndani, uingize mguu kwenye ganda tupu, vidole viguse mbele kidogo tu, kisha muangalie nyuma ya kisigino. Nafasi ya sentimeta moja na nusu hadi mbili ndiyo sahihi. Ikizidi hapo, buti ni kubwa, hata kama unasikia raha. Halafu vaa kamili na soksi moja, ndefu mpaka chini ya goti, ya sufu au ya nailoni. Soksi mbili hazileti joto: zinakunjamana, zinabana damu, zinaleta jasho, na jasho ndilo linalogandisha. Suruali ya ndani nayo isiingie ndani ya buti, ikomee juu yake. Gonga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma, funga kwanza bizimu ya juu ya kifundo cha mguu, kisha za kwenye muundi, na zile za vidole ziguse tu bila kukaza. Ukisimama wima, vidole vinagusa mbele. Ukikunja magoti na kuegemea, vinarudi nyuma kidogo. Hiyo ndiyo saizi yako. Kubanwa sawasawa mguu mzima ni jambo jema. Maumivu ya mahali pamoja, kwa mfano juu ya mfupa wa kifundo, si jambo jema: badilisha hapo hapo, usingoje kufika mlimani.

Kuna pia namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye ganda. Kwako omba 60 au 70. Wanaoshindana huvaa 130 na zaidi, na wapo vijana wa mjini wanaokodi 110 kwa kujionyesha. Buti ngumu kwa mtu mwepesi asiyejua haikunjiki, inamsimamisha kama mlingoti, na mtu aliyesimama kama mlingoti kwenye mteremko huanguka chali.

Jambo la mwisho kuhusu buti za mjomba, ambalo ni zito kuliko saizi: plastiki inazeeka. Ganda lililokaa stoo miaka 15 au 20 linaweza kuonekana zima kabisa, kisha likapasuka vipande baridi ikiingia na uzito ukishuka juu yake. Hali hiyo haina gundi.

Sasa ski. Zile 195 hazikuwa kosa kwa zama zake. Hadi miaka ya 1980 mtu mzima alichagua ski kwa kuinua mkono juu, ncha ikamfikia kwenye kiganja. Ski hizo zilikuwa karibu zimenyooka ubavuni, zikageuka kwa upinde mkubwa mno, na aliyetaka kugeuka haraka ilibidi aziburute kwa nguvu na ufundi wa miaka. Katika miaka ya 1990 zikaenea ski zenye kiuno: pana mbele, nyembamba katikati, pana tena nyuma. Ukiilaza ski ya namna hiyo kwenye ukingo wake, inapinda na kuchora upinde yenyewe. Kipimo cha upinde huo huandikwa juu ya ski kwa mita, na huitwa nusukipenyo. Tafuta kati ya mita 11 na 14. Namba tatu zilizo karibu nayo, kwa mfano 120-72-103, ni upana wa mbele, kiunoni na nyuma kwa milimita. Kiuno cha 70 hadi 78 kinakufaa. Fundi akikuletea kiuno cha 95, hiyo ni ya theluji laini isiyokanyagwa. Kwenye njia ngumu itachelewa kuhama kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine na magoti yako ndiyo yatakayolipa.

Urefu kwako ni kati ya kidevu na pua, yaani sentimeta 148 hadi 155. Ukipewa 150, chukua bila kubishana. Ski fupi inageuka kwa nguvu ndogo na inasamehe. Lakini usishuke mpaka 130 kwa sababu ya woga: ski fupi kupita kiasi inatetemeka ukipata mwendo kidogo, na haina mkia wa kukuzuia uzito ukirudi nyuma. Kilo nazo zina neno. Mtu wa mita 1.68 mwenye kilo 85 angechukua ndefu kidogo au ngumu zaidi. Wewe kwa kilo 62 omba ile laini, ambayo ukiiegemeza ukutani na kuisukuma katikati kwa kiganja inakubali kupinda.

Kabla ya kuondoka dukani igeuze. Upande wa chini usiwe na mikwaruzo mirefu inayofika ndani, wala usiwe mkavu wenye rangi ya kijivujivu, maana hiyo ni dalili ya kukosa nta, na ski isiyo na nta hugoma mahali pa tambarare na kukuacha ukisukuma kwa fimbo. Pitisha ukucha kwa kuukata juu ya makali ya chuma: ukitoa unga mweupe, yanakata. Makali butu kwenye barafu ya asubuhi ni hatari kwa anayeanza kuliko kwa fundi.

Kifungio, kile kinachoshika buti juu ya ski, kina kazi mbili zinazopingana: kushika wakati wa kushuka na kuachia wakati wa kuanguka. Nguvu ya kuachia hupangwa kwa namba inayosomeka kwenye kidirisha kidogo mbele na nyuma. Fundi huipata kwenye jedwali la kimataifa kwa kutumia kilo, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na namna unavyoteleza. Kwa vipimo vyako, ukiwa mwanafunzi wa kwanza, mara nyingi huangukia kati ya 3 na 4.5. Hapa watu hudanganya, na ni uongo wa ajabu: wanawake wengine hupunguza kilo, wanaume hujiita wazoefu. Ukijiita mzoefu, kifungio kinakazwa zaidi. Siku ya kuanguka ski inabaki mguuni, nayo ni ndefu, inasokota, na kinachokatika ni kano za goti. Sema kilo zako za kweli na useme hujawahi. Vifungio vya mjomba navyo vina springi na plastiki za umri uleule, na mafundi wengi hukataa kuvigusa kwa sababu hawawezi kuvidhamini.

Fimbo ni rahisi. Igeuze kichwa chini, ishike chini ya lile duara lake, kiwiko kikae pembe mraba. Kwako itakuwa 115 au 120. Siku ya kwanza mwalimu anaweza hata kukunyang'anya, na atakuwa na haki.

Tuje kwenye swali la mtindo. Ski ya kushuka ndiyo utakayoipata na wenzako, na ndiyo yenye walimu wengi, njia za kujifunzia na mashine za kukupandisha. Ubaya wake ni bei. Pasi ya siku ya mashine ndiyo inayokula pesa kuliko kukodi vifaa, ingawa vituo vingi huuza pasi ndogo ya mashine chache za wanaoanza. Iombe hiyo. Kulipia mlima mzima wakati utakaa kwenye mita 200 za chini ni kununua gunia la makala ili uchemshe chai.

Ski ya tambarare ni jambo lingine kabisa. Ski ni nyembamba na nyepesi, kiatu ni laini kama cha mazoezi, kisigino kinainuka, na unatembea, unakimbia, unapanda na kushuka kwa nguvu zako. Hapo urefu unageuka: kwa mtindo wa kawaida, ule wa kwenda sambamba ndani ya mifereji miwili, utapewa ski ndefu kuliko wewe, kama 185 hadi 195, kwa kufuata kilo zaidi kuliko urefu. Ukisimama kwa miguu yote miwili kwenye sakafu, karatasi ipite chini ya kiuno cha ski; ukiweka uzito wote kwenye ski moja, karatasi ikwame. Isipokwama, ski ni ngumu kwako na utateleza kurudi nyuma kila ukisukuma. Omba zile zenye magamba au manyoya chini, hazihitaji ujuzi wa nta. Fimbo zinafika begani, karibu 140. Mtindo wa pili, wa kusukuma kwa pembeni kama anayeteleza kwa viatu vya magurudumu, unataka ski fupi kidogo na fimbo ndefu zaidi, kama 150, na unataka mapafu, ungojee. Njia zake hulipiwa kiasi kidogo ukilinganisha na pasi ya mashine. Karibu na Grenoble kuna Autrans, juu ya Vercors, ambako ndiko walikoshindania ski ya tambarare katika Olimpiki ya 1968.

Na kama kuna atakayekuambia mambo hayo si ya Waafrika, mwambie habari ya Philip Boit. Mkenya huyu, mwanariadha aliyeingia kwenye theluji akiwa mtu mzima, alishindana kilomita 10 za ski ya tambarare Nagano mwaka 1998. Alifika wa mwisho. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie.

Ubao mmoja si mbaya, ila siku mbili za kwanza ni za kuanguka tu, mbele kwa mikono na nyuma kwa makalio, huku miguu yote miwili imefungwa. Vifundo vya mikono huvunjika sana kwenye mchezo huo. Mwanafunzi mwenye mitihani ya mwezi wa kwanza anahitaji mkono wa kuandikia.

Kwa siku yako ya kwanza kituo cha Chamrousse kinatosha. Kiko kama kilomita 30 kutoka mjini, na kuna basi. Ni pale Mfaransa Jean-Claude Killy alipochukua dhahabu tatu za Olimpiki mwaka 1968, lakini wewe hutaenda juu kwenye njia yake. Kijiji cha Recoin kiko mita 1,650, karibu sawa na Goma yenyewe, kwa hiyo kifua chako hakitashangaa. Wenzako waliotoka pwani ndio watakaohema. Epuka likizo za shule za Ufaransa za mwezi wa pili: mistari mirefu, walimu wamejaa, na njia ya kijani imejaa watoto wanaokatiza mbele yako. Chukua vifaa mjini jioni iliyotangulia, vaa buti chumbani dakika 20, na kama kuna mahali panapouma, rudi kabla duka halijafungwa.

Rangi za njia Ufaransa ni kijani, bluu, nyekundu, nyeusi, kwa kupanda ugumu. Ukienda Uswisi au Austria usitafute kijani, mara nyingi wao huanzia bluu. Na usiwaamini marafiki wanaosema "twende juu, utajifunza wakati wa kushuka". Huo ndio ushauri unaoharibu wanafunzi wengi zaidi: mtu mwenye hofu hukaza mwili, aliyekaza mwili haongozi ski. Lipia mwalimu angalau mara mbili, saa mbili mbili. Uliza kwanza idara ya michezo ya chuo kikuu, bei zake ni za wanafunzi; la sivyo kuna walimu wa koti jekundu wa shule ya ESF karibu kila kituo.

Atakachokufundisha ni hiki. Utaanza tambarare na ski moja mguuni, ukisukuma kwa mguu mwingine, mpaka mwili ukubali kwamba mguu unaweza kuondoka bila kunyanyuliwa. Kabla ya kuvaa, futa theluji chini ya soli. Donge dogo tu linatosha kuzuia kifungio kisifunge, na watu hukanyaga kwa hasira bila kujua sababu. Ncha ya buti inaingia kwanza, kisha kisigino kinakanyagwa mpaka kilie. Ukiwa kwenye mteremko, vaa kwanza ski ya upande wa chini.

Kisha ukae vizuri: miguu imeachana kwa upana wa nyonga, magoti na vifundo vimekunjwa kidogo, muundi unagusa ulimi wa buti muda wote, mikono iko mbele unapoweza kuiona. Hapa mtu wa Goma ana tabia ya kuacha. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ikishuka na viazi kutoka Kibumba hupewa breki nyuma, kwa kukanyaga raba juu ya gurudumu, na mwili wa dereva hurudi nyuma pamoja nayo. Kwenye ski ni kinyume. Ukirudi nyuma, ncha zinaelea, hazisikii amri, na ski inaongeza mwendo badala ya kupunguza. Unapoogopa, ndipo uegemee mbele. Kichwa kitakataa mara nyingi kabla miguu haijaelewa.

Breki yako ya kwanza ni kabari. Ncha zinakaribiana, zikiachana kwa upana wa ngumi, na visigino vinasukumwa nje mpaka ski zifanye pembetatu. Makali ya ndani yanakwangua theluji. Ukipanua unapungua mwendo, ukibana unaongeza. Ncha zikipandana, ujue mguu mmoja umeulaza kuliko mwingine, au unatazama chini. Magoti yasigusane, ukiyabana, ski zinalala mno kwenye makali, zinakamata na kukimbia badala ya kukwangua. Mapaja yatawaka moto, hilo ni la kawaida. Ukiona yanawaka baada ya mita 50 tu, umekaa nyuma.

Kugeuka ni kuhamisha uzito. Ukikanyaga zaidi mguu wa kulia, unaenda kushoto. Ukikanyaga wa kushoto, unaenda kulia. Anayeanza hutaka kuzungusha mabega kama anayegeuza usukani, na ski hazimfuati. Tazama unakokwenda, kanyaga mguu wa nje, ngoja. Hapo "ngoja" ndipo penye kazi, maana katikati ya kona ncha zinatazama bondeni kwa sekunde moja au mbili, na wengi hapo hukata tamaa na kurudi nyuma. Usikatize: malizia kona mpaka ukatazama ubavu wa mlima, hata kupanda kidogo, na mwendo utakufa wenyewe. Hiyo ndiyo breki ya kweli, kuliko nguvu ya mapaja.

Mwalimu mzuri atakufundisha mapema kuteleza ubavu: ski zimekata mteremko, unalegeza magoti kuelekea bonde, makali yanaachia, unashuka pole pole kwa ubavu, unarudisha magoti upande wa mlima, unasimama. Siku utakayojikuta mahali pa mwinuko kuliko uwezo wako, ni hiyo itakayokuteremsha salama. Kutoka hapo ski zitaanza kusogeleana zenyewe mwishoni mwa kona, na kabari itapungua bila kuifukuza. Kwa kawaida mtu mzima mwenye mwalimu hushuka njia ya kijani kwa utulivu kati ya siku ya pili na ya tatu.

Teleski, ile kamba yenye kitufe kinachopita katikati ya mapaja, huangusha watu wengi kuliko mteremko. Usikikalie, hakibebi uzito, kinakuvuta tu. Simama, ski sambamba, magoti laini, acha ikuvute. Ukianguka, achia mara moja na utoke njiani, kuna mtu nyuma yako.

Kuanguka kuna adabu yake. Anguka ubavuni, upande wa mlima, mikono mbele. Ukishaanza kuanguka nyuma usijaribu kujiokoa kwa kukaa na kuinuka huku ski zinaenda. Magoti mengi huharibikia hapo. Ukishakuwa chini, panga ski zikate mteremko, ziwe chini yako kuelekea bonde, kisha inuka kwa kusukuma upande wa mlima. Ukishindwa, bonyeza kifungio kwa ncha ya fimbo, vua ski ya juu, simama, vaa tena. Na kanuni ya njia ni moja kubwa: aliye mbele yako, chini, ana haki, wewe wa juu ndiye wa kumkwepa.

Vya kununua Goma vipo, tena vizuri. Marobota ya chaguwa, yaani mitumba, hutuletea makoti ya ski ya Ulaya kila mara; motari wengi wa asubuhi wanayavaa bila kujua kazi yake ya kwanza. Utaitambua koti yenyewe kwa sketi ya mpira iliyoshonwa ndani kiunoni ya kuzuia theluji, na kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto cha kuwekea pasi. Igeuze: mishono iwe imefunikwa kwa utepe, na utepe usiwe unabanduka. Mwagia maji kidogo nje. Yakinywewa, utanyunyizia dawa ya kuzuia maji huko huko. Tafuta na suruali yake, na fulana mbili za ndani za sufu au poliesta. Suruali ya jinzi iache kabisa, na pamba yoyote ile: ikilowa haikauki, na theluji itakulowesha. Glavu usinunue chaguwa kama zimeshatoboka mishono. Miwani ya theluji na kofia ngumu, ile kaske, vikodi au vinunue kule. Kaske iwe na alama ya EN 1077. Na upange nywele mapema: mesh nene juu ya kichwa zitakulazimisha kuvaa kaske kubwa, ambayo siku ya kuanguka itazunguka. Suka za kulala.

Kuhusu jua, usidanganywe na rangi ya ngozi. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale mikali ya jua, na miale hiyo huongezeka kadiri unavyopanda. Midomo hupasuka, macho huwaka usiku. Mafuta ya kujikinga usoni, na miwani ya daraja la 2 au la 3.

Miezi miwili kabla, fanyia kazi mapaja na usawa wa mwili. Egemeza mgongo ukutani kana kwamba umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, sekunde 40, pumzika, rudia mara nne. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, kisha ufumbe macho. Shuka ngazi kwa kasi ndogo, maana kwenye ski misuli hufanya kazi ya kuzuia kuliko ya kusukuma.

Lipia na bima ya siku pale unaponunua pasi, ni euro chache tu. Ufaransa uokoaji kwenye njia za ski hulipwa na aliyeokolewa, na kuteremshwa kwa machela kunaweza kugharimu euro mamia. Bima ya kawaida ya mwanafunzi mara nyingi hailigusi hilo.

Msimu ukiisha na bado unaipenda, kitu cha kwanza kununua ni buti zako mwenyewe. Ski endelea kukodi, kwa sababu mwaka wa pili utataka za 158 zilizo ngumu kidogo. Vuli, kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, miji ya eneo la Alps hufanya masoko ya vifaa vya ski vilivyotumika. Nenda mapema asubuhi ukiwa na soksi yako ndefu mkobani, geuza kila buti uone mwaka wa kutengenezwa kama umepigwa muhuri kwenye plastiki, na iliyozidi miaka kumi irudishe mezani.